Kirusi Kilichofanywa Hamali (Sehemu ya Pili)

Baada ya kueleza juma lililopita jinsi chembe shina zilizomo katika uloto wa mifupa zinavyozaa damu yote ya mwanadamu muda wa uhai wake, yatupasa leo tuitazame hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, iliyofunguliwa mwaka 1852, ambako mwaka 2001 matabibu, miongoni mwao Adrian Thrasher na Bobby Gaspar, walianza kuwatibu kwa jeni wavulana waliozaliwa pasi na kinga ya mwili, ambao hata mafua yaliweza kuwafikisha kaburini.

Asili ya maradhi hayo ni hitilafu ya jeni moja iliyomo katika kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu. Ndiyo maana hupatwa watoto wa kiume, ilhali mama huirithisha naye ni mzima. Waliojaaliwa ndugu wa kuwapa uloto unaolingana ni wachache. Basi matabibu walichota uloto wa mtoto mwenyewe, wakazichagua chembe shina, wakazichanganya kwa siku chache na kirusi cha panya kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, kikavikwa ganda la kirusi cha giboni na kutwikwa jeni iliyo sahihi, kisha chembe zikarudishwa kwa njia ya mshipa. Sifa ya kutangulia, kwa insafu, ni ya Alain Fischer na Marina Cavazzana wa Paris, walioanza mwaka 1999.

Kinga ikaota kweli. Lakini kirusi kile ni hamali ambaye, akishaingia nyumbani na mzigo, huutua popote. Na kwa baadhi ya watoto aliutua kando ya jeni iitwayo LMO2, ambayo ikiamshwa ovyo huzaa saratani ya damu. Hata kufikia mwisho wa mwaka 2007 walikuwa wamepatwa watoto wanne wa Paris, mmoja wao akafariki, na mmoja wa London. Sioni haki kuwaita matabibu wale wazembe, kwani mtoto asiyetibiwa aghalabu hafikishi miaka miwili. Ila yafaa kufahamu kwamba ile tabia ya chembe shina ya kudumu na kuzaana, iliyoidumisha dawa, ndiyo hiyo hiyo iliyoidumisha hitilafu.

Wakakikata kirusi ile sehemu yenye kuamsha jeni za jirani. Na kwa maradhi yaliyo karibu na hayo, yatokanayo na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho ADA, wakakitumia kirusi kilichoundwa kutokana na kile cha UKIMWI. Msomaji wa kwetu, aliyekwisha kuzika jamaa, ana haki ya kushtuka. Hata hivyo matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, ya watoto 50 waliotibiwa Uingereza na Marekani, yalionyesha kuwa wote wako hai, na 48 kati yao tiba imeshika, wala hakuna aliyepatwa na saratani ile.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya selimundu, maradhi yaliyoenea mno Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambayo Novemba 2023 Uingereza ilitangulia nchi zote kuidhinisha tiba yake ya kuhariri jeni ndani ya chembe shina bila kutumia kirusi chochote. Na gharama yake pia tutaihesabu.