Kabla hujashusha gari lako, soma haya

Je, msomaji, umewahi kuketi ndani ya gari lililoshushwa hadi likakaribia kulamba lami? Mimi nimewahi, na hadi leo nikiikumbuka kona ile moyo hunidunda.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kijana wa jirani yangu, aliyekuwa ametoka chuoni na kupata kazi mwaka uo huo, alinipa lifti kwa Subaru Impreza yake. Gari lenyewe alikuwa amelinunua kwa akiba yake na nyongeza kutoka kwa mamake. Fundi mmoja alikuwa amemkatia springi kwa msumeno, mzunguko mmoja na nusu kila gurudumu, ili gari "likae chini kama la mbio". Tulipoingia kona iliyokuwa na lami iliyofura, sehemu ya nyuma iliruka ikahamia upande, mithili ya mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akija mbele yetu alijitupa kando ya barabara, pikipiki huku na yeye kule.

Mungu ni mkubwa, hakuna aliyeumia. Lakini kijana yule alisimamisha gari, akazima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili kwa muda mrefu bila kutamka neno.

Baadaye niliamua kuulizauliza mafundi na kusoma, nijue ni nini hasa kilichotaka kututoa roho. Niliyoyapata ndiyo ninayokugawia leo. Huenda wewe ni mwanafunzi unayeota kulipeleka gari lako uwanjani siku moja. Au huenda wewe ni mzazi unayeombwa pesa za "koilova" na hujui ni mnyama gani. Makala haya ni yenu nyote.

Kila chuma na kazi yake

Tuanze na mambo ya msingi. Springi hubeba uzito wa gari na kumeza mashimo ya barabara. Lakini springi ikishabonyezwa hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, kisha hurudi tena. Ikiachwa peke yake, gari litadunda kama mpira. Hapo ndipo shoki huingia. Kazi yake ni kuutuliza mdundo huo na kuugeuza kuwa joto, ambalo hupotelea hewani.

Kisha kuna ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ambayo mafundi wetu huiita stabilaiza. Hii hupunguza ile hali ya gari kulala upande linapokata kona. Mwisho kuna bushi, yaani vile vipande vya mpira vilivyo kwenye viungo vya mikono ya magurudumu.

Vyote hivi vina lengo moja: kulishikilia tairi lisiachane na lami. Sehemu ya tairi inayogusa barabara haizidi sana ukubwa wa kiganja chako. Maisha ya waliomo garini yanategemea viganja vinne hivyo.

Hesabu ya kona

Vijana wengi huamini kwamba gari likishushwa tu, basi litashika kona. Hebu tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi mnisahihishe nikikosea.

Chukua gari la kilo 1,400. Tuseme kitovu cha uzito wake kiko nusu mita kutoka chini, na magurudumu ya kushoto na kulia yako umbali wa mita moja na nusu. Likikata kona kwa nguvu inayolisukuma upande kwa tisa ya kumi ya uzito wake, basi kilo 1,400 mara 0.9 mara 0.5, ugawe kwa 1.5, utapata 420. Kilo 420 zimehama kutoka upande wa ndani hadi upande wa nje. Magurudumu ya ndani yaliyokuwa yamebeba kilo 700 sasa yamebaki na 280, na yale ya nje yamebebeshwa 1,120.

Sasa shusha gari kwa milimita 30, ambazo si haba, kisha urudie hesabu. Jibu ni kilo 395 hivi. Umeokoa kilo 25 pekee kati ya 420! Na springi ngumu, zisiposhusha gari, hazipunguzi jumla ya uzito unaohama hata kidogo. Zinachofanya ni kupunguza kule kulala upande na kukuwezesha kuamua uzito huo utagawanywaje kati ya mbele na nyuma. Manufaa hayo yapo, bila shaka, lakini si miujiza.

Je, msumeno nao? Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mmoja inabaki na 5, na ugumu wake unaongezeka kwa asilimia 20. Lakini shoki haikukatwa. Imebaki na nafasi ndogo ya kusogea, na gari likipita kwenye tuta shoki inagonga mpira wake wa mwisho. Ghafla gurudumu halina springi tena, tairi linaruka, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Aidha, gurudumu linaponing'inia, springi iliyofupishwa huweza kulegea na kuhama mahali pake. Hivyo ndivyo tulivyoponea chupuchupu siku ile.

Impreza za miaka ya 1990 zina tatizo jingine. Zimeundwa kwa namna ambayo mkono wa chini wa gurudumu huinama kidogo kuelekea nje. Ukilishusha gari kupita kiasi, ncha ya nje ya mkono huo hupanda juu kuliko ya ndani. Kuanzia hapo, kila gari linapolala kwenye kona, tairi la nje hulala pamoja nalo na kukanyagia ukingo. Yaani umelipa pesa ili gari lishike kona vibaya zaidi!

Pesa zitangulie wapi?

Haraka haraka haina baraka, nao waliobobea katika mchezo huu huwa na utaratibu. Ufuate.

Kwanza, uzima wa gari. Mwambie fundi ainue gari na kutikisa kila gurudumu. Bushi zilizopasuka, boljointi zilizolegea na shoki zinazovuja mafuta zibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Magari yetu mengi yalikuja yakiwa yametumika Japani, kisha yakakutana na mashimo ya kwetu. Wapo waliodhani wanahitaji vifaa vya mbio, kumbe walihitaji bushi mpya tu. Breki nazo zisisahaulike: mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka uwanjani, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama.

Pili, matairi. Hakuna springi duniani inayoweza kulipa gari mshiko ambao tairi halina. Ukiwa na pesa za jambo moja tu, nunua matairi mema manne yanayofanana.

Tatu, alaimenti. Hii ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ukilaza magurudumu ya mbele ili vichwa vyake viingie ndani kidogo, tairi la nje litakanyaga kwa upana wake wote gari linapolala kwenye kona. Wanaokwenda uwanjani mara kwa mara hupenda digrii 2 hadi 2.5 mbele. Kwa gari la kwenda kazini kila siku, digrii moja yatosha, la sivyo matairi yataliwa upande wa ndani.

Nne, shoki na springi, zikinunuliwa pamoja. Springi ngumu iliyofungwa na shoki dhaifu ni kama fahali aliyefungwa kwa uzi wa kushonea. Shoki mpya ya kampuni inayoaminika, pamoja na springi iliyotengenezwa kwa ajili yake, itakufaa kuliko koilova za bei ya kutupwa. Na koilova ni nini? Ni springi na shoki zilizofungwa pamoja kwenye nguzo yenye nyuzi, ili urefu wa gari uweze kurekebishwa, na mara nyingi ugumu wa shoki pia. Ni kifaa kizuri mikononi mwa anayejua anachotafuta. Kwa asiyejua, kila kirekebishi ni njia nyingine ya kupotea.

Tano, stabilaiza. Impreza ina injini iliyolala mbele kabisa, na ikiingia kona kwa kasi pua yake hukataa kugeuka. Stabilaiza nene zaidi ya nyuma hupunguza ukaidi huo. Lakini uwe mwangalifu: ugumu wa fimbo hii huongezeka kwa kasi mno. Ukitoka milimita 20 hadi 22, unadhani umeongeza asilimia 10 tu, kumbe ugumu umepanda kwa asilimia 46! Ukizidisha, pua itakubali kugeuka lakini mkia ndio utakaokukimbia, na mkia ukikimbia, dereva mchanga hana dawa.

Chaki, saa na daftari

Utajuaje kama pesa zako zimefanya kazi? Usiulize moyo wako, kwa maana moyo hupenda kile ulichokinunua. Tumia vifaa vya mwanafunzi.

Chora kwa chaki mstari kutoka ukingo wa tairi hadi kwenye meno yake, kisha uzunguke uwanja. Chaki ikifutika hadi ubavuni mwa tairi, huenda upepo ni kidogo au gurudumu halikulazwa vya kutosha. Ikibaki hata juu ya meno ya ukingoni, huenda upepo umezidi. Pima upepo matairi yakiwa moto, kwa sababu hupanda kadiri unavyoendesha.

Mpe rafiki saa akupimie mizunguko, si mmoja bali kadhaa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha uandike daftarini. Anayebadilisha springi, matairi na stabilaiza siku moja hatajua ni kipi kilichomsaidia na kipi kilichomharibia.

Wakongwe wa Safari

Nchi yetu ina historia ndefu katika mambo haya. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Katika miaka ya 1990 Patrick Njiru alilifanya jina la Subaru lijulikane hadi vijijini. Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza mwaka 1997, naye Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Baada ya mwaka 2002 mashindano hayo yalitoka katika ratiba ya dunia, yakarejea mwaka 2021 huko Naivasha.

Lakini je, ulitazama jinsi magari hayo yalivyosimama? Yako juu! Magurudumu yake yana nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, kwa sababu mawe na vumbi la Bonde la Ufa havina huruma. Gari la uwanja wa lami nalo hukaa chini na kuwa gumu, kwa vile lami ya uwanjani ni laini kama meza. Kila gari hutengenezwa kwa ajili ya mahali linapokimbilia. Sasa jiulize: gari lako hupita wapi siku tano kwa wiki? Kama jibu ni barabara ya mtaani yenye matuta na mitaro, basi ulilainishie kidogo, hata kama Jumapili moja kwa mwezi utapoteza sekunde mbili uwanjani.

Na neno uwanjani nalisisitiza. Thika Road si uwanja, wala Southern Bypass si uwanja. Hakuna springi inayomwona mtoto anayevuka. Ukitaka kukimbia, jiunge na klabu inayotambuliwa na shirikisho la mbio za magari nchini, uvae helmeti, gari likaguliwe, na madaktari wawe karibu. Soma pia masharti ya bima yako, kwa maana bima ya kawaida mara nyingi hailipi hasara iliyotokea mashindanoni, na kampuni isipoarifiwa kuhusu mabadiliko uliyofanya inaweza kukukatalia hata ajali ya barabarani.

Nawe mzazi, kijana akija na orodha ya vifaa, usimfukuze. Muulize maswali matatu: Shoki za sasa ni nzima? Matairi yakoje? Utayapima vipi mabadiliko haya, na wapi? Akiwa na majibu, ujue anafikiri. Akikosa, mpe makala haya asome kwanza.

Na yule jirani yangu? Springi zilizokatwa alizitupa. Alitafuta nyingine nzima kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, akanunua shoki mpya nne na kubadilisha bushi zote za mbele. Gari sasa liko juu kuliko la wenzake, nao humcheka. Yeye hajali. Jumapili iliyopita niliwaona wakitoka kwenda kanisani, mamake ameketi kiti cha mbele, kile kile nilichokuwa nimekalia siku ile, na mkoba wake umetulia mapajani.