Picha Isipofunguka Kwenye Barua Pepe

Huenda imekutokea. Umesubiri zamu yako kwenye kompyuta ya ofisi, umefungua barua pepe yenye kichwa "Namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari", na ndani unakuta kisanduku cheupe chenye alama ndogo pembeni. Hakuna kingine. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya picha. Kina mama wanakungoja kwenye bloku, watoto wanaharisha, nawe unarudi mikono mitupu.

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea hatuwezi kuliita hilo tatizo dogo la kompyuta. Pakiti za ORS zikikosekana, kipimo ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Anayekisia anaweza kuzidisha chumvi, na chumvi nyingi humdhuru mtoto. Hebu angalia: kipimo chote kimeenea katika sentensi moja. Kwa nini basi kifungiwe ndani ya picha?

Tuanze na wewe uliyepokea. Picha huja kwa njia mbili. Kuna zinazosafiri ndani ya barua yenyewe, na kuna ambazo barua hubeba anwani yake tu. Picha yenyewe imekaa kwenye seva ya mbali na huitwa pale unapofungua barua. Hizi za pili ndizo zenye usumbufu. Picha inapoitwa, mwenye seva anaweza kujua kwamba barua imefunguliwa, na saa ngapi. Matapeli hutumia ujanja huo kutambua anwani zinazotumika. Ndiyo maana programu kama Outlook huzuia picha hizo mpaka utoe ruhusa. Gmail, tangu Desemba 2013, huzionyesha moja kwa moja baada ya kuzipitisha kwenye seva za Google, isipokuwa mwenye akaunti amechagua kuulizwa kwanza, au barua yenyewe inatiliwa shaka.

Kwa hiyo tazama juu ya barua. Ukiona maneno yanayosema picha zimezuiwa, bonyeza hapo uruhusu, lakini kwanza hakikisha unamfahamu aliyetuma. Barua ya mtu usiyemjua inayokuahidi safari ya Marekani au Kanada iache na visanduku vyake vitupu. Kama umeruhusu na bado hakuna kitu, huenda mtandao ni dhaifu: subiri kidogo, fungua upya, au jaribu simu nyingine. Ikishindikana, mwandikie aliyetuma akutumie picha kama kiambatisho. Usione haya kuomba.

Sasa wewe unayetuma, maana makosa mengi huanzia huku. Mtu ananakili picha kutoka tovuti fulani au kwenye waraka, anaibandika kwenye barua, anaiona vizuri, anatuma. Yeye anaiona kwa sababu kompyuta yake inayo. Mpokeaji hupata anwani ya mahali asipoweza kufika. Dawa yake ni kuhifadhi picha kwanza kama faili, kisha kuiambatisha. Pia jitumie barua hiyo kwenye anwani yako nyingine, au ya mwenzako, uifungue kwenye simu tofauti kabla ya kuipeleka kwa wote.

Angalia aina ya faili. JPEG na PNG hufunguka karibu kila mahali. Simu za iPhone, tangu mwaka 2017, huhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC, ambayo kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuifungua. Mwenye simu hiyo anaweza kubadilisha kwenye mipangilio ya kamera ili ipige JPEG.

Uzito nao ni shida. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 4 au 5, na Gmail ya kawaida hairuhusu kutuma zaidi ya megabaiti 25 za viambatisho. Faili pia huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja linaposafiri. Ipunguze picha hadi upana wa pikseli 1,000 hivi. Kwenye skrini itasomeka vizuri. Mwenzako ananunua bando kwa fedha yake.

Picha za wagonjwa zinahitaji uangalifu zaidi. Ukitaka ushauri wa daktari kuhusu kidonda, omba ridhaa ya mgonjwa au mzazi wake, usipige uso, wala usiandike jina la mgonjwa kwenye jina la faili. Kisha eleza kwa maneno: kidonda kiko wapi, kina upana wa sentimita ngapi, kimekaa siku ngapi, kinatoa usaha au la, mgonjwa ana homa au hana, ana umri gani. Daktari asipoiona picha, bado ana pa kuanzia. Na mtoto mwenye macho yaliyodidimia, aliyelegea na asiyeweza kunywa, huyo si wa kusubiri barua pepe hata kidogo. Mpeleke kituoni mara moja.

Programu nyingi pia hukuruhusu kuandika maneno mbadala, yaani maneno yanayotokea ndani ya kisanduku picha isipofunguka. Usiandike "picha ya 1". Andika kile ambacho picha inasema. Wenzetu wasioona, wanaotumia simu zinazosoma kwa sauti, husikia maneno hayohayo.

Bango la kubandika ukutani ni jambo jingine. Ukilipunguza kama nilivyosema, litachapishwa likiwa na ukungu. Hilo liambatishe kama faili la PDF, na maneno yake yote yaandike pia ndani ya barua, ili asiye na mashine ya kuchapa ayanakili kwa kalamu kwenye karatasi kubwa.