Upana wa kilele: umeupima kwa kimo gani?

Leo naandikia wale wako mu labo na memware mkononi, hasa wale wanafanya kromatografia ya kimiminika, ile HPLC, na kuachia ordinatere ihesabu kila kitu. Mimi pia nilifanya hivyo, na ilibakia kidogo nisimame mbele ya jury na hesabu ya uongo.

Nilikuwa L2. Kazi yangu ilikuwa kupima kinini, ile dawa ya malaria inayotoka kwa ganda la mti ambao kwetu Kivu unalimwa tangu zamani. Kinini ya ganda haiji peke yake. Inakuja na ndugu yake, dihidrokinini, ambayo inatofautiana na kinini kwa atomu mbili tu za hidrojeni, na ambayo farmakopea inaruhusu hadi asilimia 10. Sasa, utajuaje iko asilimia ngapi kama vilele viwili vimegandana kwenye kromatogramu? Njo maana utengano, ile Rs, ulikuwa moyo wa memware yangu. Nilipata Rs 2,0. Kwa kawaida tunaomba angalau 1,5, kwa hiyo nilifurahi sana.

Mkubwa mmoja wa labo akaangalia tablo yangu, akauliza:

— Mdogo wangu, huu upana umeupima wapi?

— Mu ordinatere, mkubwa.

— Hapana, nauliza kwa kimo gani?

Sikuwa na jibu.

Shida ni hii. Kilele si kibao chenye upana mmoja. Kilele kizuri kiko na umbo la kengele, na upana unategemea mahali unapokata. Ukikata katikati ya kimo, unapata sigma 2,355. Ukichora tanjenti mbili kwenye mabega ya kilele mpaka zifike kwenye mstari wa chini, unapata sigma 4. Kumbe ni kilele kilekile! Na kuna programu ambazo safu yenye jina «upana» tu inatokana na eneo la kilele kugawanywa kwa kimo: hapo ni karibu sigma 2,51. Kila programu na majina yake, na safu inayoonekana ya kwanza si lazima iwe ile unayoitaka.

Kila upana uko na formula yake. Kwa kuhesabu plato za nadharia, upana wa nusu kimo unaenda na 5,54, na upana wa tanjenti unaenda na 16. Kinini yangu ilitoka kwa dakika 6,20, upana wa nusu kimo dakika 0,14. Hesabu sahihi: 5,54 mara (6,20/0,14) kwa kipeo cha pili, karibu plato 10 860. Mimi nilichukua upana huohuo nikaweka 16, nikapata 31 380. Kolone ya kawaida kabisa ikageuka kuwa ya ajabu, na mimi sikushtuka.

Kwa Rs ni vilevile. Dihidrokinini ilitoka kwa dakika 6,48, upana 0,14 pia. Formula ya tanjenti inasema 2 mara tofauti ya muda, gawanya kwa jumla ya upana mbili. Na upana wa nusu kimo, ile 2 inakuwa 1,18. Tofauti yangu ilikuwa 0,28, jumla ya upana 0,28. Basi Rs ya kweli ilikuwa 1,18, haikuwa 2,0. Miguu ya vilele ilikuwa inakanyagana, na ile asilimia ya dihidrokinini niliyoandika haikuwa na msingi.

Kabla ya kuamini namba yoyote, fungua kilele kwenye skrini, ukikuze, uone programu imechora wapi mstari wa chini. Ukichorwa juu sana, nusu ya kimo nayo inapanda, kilele kinaonekana chembamba, na plato zinaongezeka bure. Angalia pia mkia. Kinini ni besi, inapenda kushikamana na silika ya kolone, na kilele kinaburuta mguu wa kuume. Nusu kimo hauoni mkia huo, juu uko chini kabisa. Kwa hiyo kipimo cha mkia kinachukuliwa kwa asilimia 5 ya kimo. Na detekta inaandika nukta ngapi kwa sekunde? Kilele changu chini kilikuwa na sekunde 14 hivi. Kwa nukta moja kila sekunde unapata 14 tu, wakati ni vizuri kuwa na 20 au zaidi. (Na musichanganye dakika na sekunde. Nimeona mtu amefanya, si mimi safari hii.)

Nilirudi mu labo wiki mbili mbele ya depo. Nikapunguza asetonitrili kidogo, vilele vikatoka kwa dakika 8,10 na 8,55, upana wa nusu kimo 0,16 na 0,17. Rs ikawa 1,6. Chini ya tablo nikaandika: «upana kwa nusu ya kimo, kizidishi 1,18». Mu jury, swali la kwanza lilikuwa lile lile la mkubwa.