Plutoni si mwamba wa volkano

plutoni nm [i-/zi-] mwamba wa moto ulioganda chini sana ardhini, magma yake isifike juu.

Neno hili limetokana na Pluto, mungu wa kuzimu katika dini ya Warumi wa kale. Hata hivyo, tafsiri ya "mwamba wa kuzimu" haifai: kuzimu ya Kiswahili ni makao ya wafu, wala haipimwi kwa kilometa.

Kosa linalopotosha zaidi ni kuita miamba yote ya moto "miamba ya volkano". Volkano ni mlango wa kutokea, na plutoni haikuupitia. Miamba inayoizunguka huizuilia joto, hivyo magma hupoa polepole mno na chembe zake hupata muda wa kukua hadi kuonekana kwa macho, kama katika jiwe la matale. Lava hupoa upesi, ikatoa mwamba wa chembe ndogo ndogo. Plutoni hufichuka pale tu ardhi iliyoifunika inapomomonyoka.

Tofauti hii ina uzito wake katika ripoti za madini. Katika kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, nikeli imo ndani ya mwamba wa moto uliopenya miamba mingine na kugandia humo. Matone ya salfaidi yenye nikeli ni mazito kuliko magma, kwa hiyo huelekea kutuama. Kinywe cha Ruangwa, wilaya jirani, kina asili nyingine kabisa: ni kaboni ya mashapo ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, nacho kimo katika mwamba geu. Mfasiri akiandika "volkano" kotekote, msomaji wa Nambambo atatafuta mlima uliowahi kulipuka, asielewe kwa nini nikeli ichimbwe hapa na kinywe kule.

Wala si kila kilima cha mawe kinachosimama peke yake katika tambarare za kusini ni plutoni. Vingi ni miamba geu. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu nchi hii, aliviita kwa neno la lugha yake lenye maana ya "mlima kisiwa". Ni jina zuri, ila linataja umbo tu, si asili.

Plutoni iliyofichuka kwa eneo linalozidi kilometa za mraba 100 huitwa batholithi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kina na jiwe.