Jiwe la Chini ya Mkungu

Nilikwenda Mazimbu kwa habari nyingine kabisa, na habari yenyewe nikaikosa. Mtu niliyeahidiwa alikuwa amesafiri kwenda Ifakara na simu kaizima. Nikawa nimesimama nje ya uzio wa sekondari moja ya kata, nangoja bodaboda ya kunirudisha mjini, nikamwona mwanamke wa makamo, kitenge amekifunga juu ya sketi, anatembea kinyumenyume kwenye uwanja wa mpira huku akimwaga majivu kutoka kwenye ndoo. Pembeni walisimama wanafunzi kama arobaini, kila mmoja na mawe mawili mkononi, wametulia kama wako msibani. Bodaboda ikaja. Nikamwambia kijana aende zake.

Mama yule ni mwalimu wa jiografia. Hakutaka jina lake litoke gazetini, wala la shule. Alisema mkaguzi akisoma atauliza somo lile limetoka ukurasa gani wa muhtasari, naye hana ukurasa. Basi nitamwita Mwalimu, kama walivyomwita wanafunzi wake, kama nilivyomwita mimi kutwa nzima.

Alikuwa anachora Tanzania. Majivu huyapata kwa mama lishe wa jirani, ndoo tatu kwa ramani moja. Kila hatua yake ni kilomita 100, na kwa kuwa nchi hii ina urefu na upana unaokaribiana, kama kilomita 1,200 kila upande, ramani inakula hatua kumi na mbili kwa kumi na mbili. Golikipa anapoteza sehemu ya eneo lake la hatari.

Mpaka wa kaskazini aliuchora kwa kamba. Wanafunzi wawili waliishika, mmoja pwani na mwingine Ziwa Victoria, wakaivuta mpaka ikakaza, naye akamwaga majivu juu yake. Alipofika Kilimanjaro akawaambia wailegeze, akaizungusha kwenye kisigino chake, ikapinda. Wapo watakaokusimulia kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima ule. Mwalimu huwakatalia. "Ni Waingereza na Wajerumani, mwaka 1886, mezani," alisema. "Hakuna birthday hapo."

Ruvuma haikutaka kamba. Mto ule aliuchora kwa mkono, ameinama, majivu yanamtoka kati ya vidole kama mtu anayetia chumvi, anapinda pale mto unapopinda. Ziwa Tanganyika aliwachimbisha kwa jembe. Kina chake ni mita 1,470 na sakafu yake iko chini kuliko usawa wa bahari, kwa hiyo hataki mtoto alione kama doa juu ya ardhi. Anataka aingize mkono. Kilimanjaro ikarundikwa kwa vipande vya matofali. Somo hili mitaala inalitaka kwa Kiingereza, lakini nje pale Kiingereza kilibaki darasani pamoja na madaftari.

Unguja na Pemba alizisahau. Msichana mmoja mwenye hijabu akachota konzi ya majivu, akaziweka mwenyewe, hakuomba ruhusa. Mwalimu akamwangalia, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mwaka jana pia nilizisahau."

Kisha akavua kiatu. Akaweka mguu mtupu magharibi kidogo ya Dar es Salaam, akawaambia hiyo ndiyo Uluguru nzima: unyayo mmoja na vidole vya mguu wa pili. Wote wakageuka kuutazama mlima wenyewe, uliokuwa umejaa kusini mashariki, umefunikwa na wingu kuanzia mabegani. Nakiri kwamba hapo ndipo iliponiingia hamu ya kuandika makala haya. Nimeishi na mlima huo machoni miaka mingi na sijawahi kujua kuwa ni mdogo.

Lakini unyayo huo, alisema Mwalimu, unainywesha Dar es Salaam. Akawaamuru watatu wapite na vidole kuuzunguka. Mmoja alifuata Mgeta, mto unaoshuka upande wa magharibi, ukaukimbia mlima kwa kusini. Mwingine alifuata Ngerengere, unaokusanya maji ya kaskazini, ukajaza Bwawa la Mindu, ukapita hapa hapa Mazimbu. Wa tatu alishuka na Ruvu kutoka mashariki. Vidole vitatu vikakutana. Vyote vinaishia Ruvu, na Ruvu inaishia baharini. "Mlima umejizungusha maji yake wenyewe," akasema. "Ukitema mate Nyandira, magharibi, au ukitema Kinole, mashariki, anayeyaoga ni yule yule wa Kimara, Dar." Watoto wakacheka sana. Upepo wa bahari hauutendei haki mlima huo: unapanda ubavu wa mashariki na kumwaga mvua yake huko, Kinole wakavuna ndizi, mdalasini na pilipili manga, halafu unavuka ukiwa mwepesi, na Melela wanabaki kuhesabu mawingu matupu. Hayo aliyapitia kwa dakika tano. Alikuwa na haraka ya kufika kwenye mawe.

Swali lake lilikuwa moja: "Bibi yako mzaa mama amezikwa wapi? Kama yu hai, atazikwa wapi? Kaweke jiwe."

Zogo likaanza. Msichana mmoja wa Tarime alisema kwao hawahesabu hivyo, kwao ni baba. Wengine wakamuunga mkono. Mwalimu alikuwa anaingoja hoja hiyo. Yeye ni Mluguru wa Matombo, na kwa Waluguru mtoto ni wa mama: lukolo, yaani ukoo, anaupata kwa mama, na ardhi ya ukoo ilirithiwa kwa upande huo huo. "Uwanja huu uko Uluguru," akawajibu, "kwa hiyo jiwe la kwanza ni la mama. Jiwe la pili wekeni mnakotaka."

Wakasambaa. Ningependa kila mtu anayesema Tanzania ina makabila zaidi ya 120, halafu akanyamaza kana kwamba amesema jambo, angeona namna mawe yale yalivyoanguka. Hayakutawanyika sawasawa. Kusini, kuanzia Iringa kushuka Njombe hadi Songea, yalikuwa mengi hata yakagongana. Kando ya mfereji wa Tanganyika yalilala manane au tisa. Mengine matatu yaliwekwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, na Mwalimu hakuyarudisha. Dodoma, Kondoa. Machache Bukoba na Moshi, hayo mengi ni ya watoto wa wafanyakazi wa chuo kikuu cha hapa. Mtwara moja tu.

"Unaona nini?" akaniuliza mimi, mbele ya watoto.

Nikasema naona watu wametoka mbali.

"Unaona mkonge," akasema.

Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mashamba yale yalitaka mikono, na mikono ilifuatwa kule ambako hakukuwa na zao la kumpa mtu fedha ya kodi: Songea, Njombe, Kigoma, Urundi, Msumbiji. Kuanzia 1944 kazi ya kuwaandikisha ilifanywa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa Silabu, na walioandikishwa wakaitwa manamba, kwa sababu ya namba. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, iliwaleta wa magharibi. Wengine mkataba ulikwisha wakabaki. Wajukuu na vitukuu wao ndio walioshika mawe. Mkonge ulikwisha kitambo, lakini ramani yake ilikuwepo pale uwanjani, imechorwa na watoto ambao wengi wao hawajawahi kukata jani hata moja.

Sasa nifike kwa mvulana.

Alikuwa wa kidato cha kwanza, mrefu, shati limemkaa fupi mikononi. Jiwe la kwanza aliliweka Bukoba, kwa mama yake. Alibaki na la pili. Akasimama kidogo, akamtazama Mwalimu, kisha akaanza kutembea. Alivuka Songea, akavuka majivu ya Ruvuma, akatoka kwenye ramani. Akapita goli. Wenzake wakaanza kupiga miluzi. Mwalimu akainua mkono, wakanyamaza, naye akamfuata kwa nyuma akihesabu hatua kwa sauti na kutaja nchi: Msumbiji, Ziwa Nyasa, Malawi, Msumbiji tena, Zimbabwe. Hatua ya ishirini na nne walikuwa chini ya mkungu ulio karibu na choo cha wavulana. Kijana akainama akaweka jiwe.

"Afrika Kusini," akasema.

"Afrika Kusini wapi, baba?"

"Sijui."

Msomaji wa Morogoro hahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ardhi ya Mazimbu, mwaka mmoja baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto, wakati vijana walioikimbia elimu ya makaburu walipokuwa wanaingia nchini kwa makundi. Wakajenga shule, chekechea, hospitali, karakana na shamba, wakaiita shule kwa jina la mpiganaji wao Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Februari 1990 chama chao kikaondolewa marufuku kwao. Julai 1992 walikabidhi majengo kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, kampasi inayobeba jina lile lile. Makaburi yao yapo, yanatunzwa, wageni wa heshima huletwa kuweka mashada. Hayo yanajulikana. Kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba watu hawaishi nchi za watu miaka kumi na tano bila kupenda. Wapo wanawake wa hapa waliofuatana na waume zao kwenda kusini. Wapo waliobaki na watoto, na barua zikachelewa, kisha zikakoma.

Babu wa mvulana huyu, mzaa baba yake, alikuwa mmoja wa walioondoka. Bibi yake alikuwa Mluguru, na amefariki. Jina la babu wanalo, tena mawili, kwa sababu wengi wa wakimbizi wale walitumia majina ya kujificha, na nyumbani hawana hakika lipi alipewa na mama yake. Mji hawaujui.

Tulikaa na Mwalimu kwenye ngazi za darasa baada ya kengele, tukila mihogo ya kukaanga kwenye karatasi. Nilimwambia nimemhurumia mtoto. Alinikatiza.

"Usimhurumie haraka. Sikiliza. Baba yake amezaliwa na mwanamke wa Kiluguru. Kwetu sisi mtu huyo hana pengo lolote. Ana lukolo, ana wajomba, ana mahali pa kuzikwa kule juu. Baba mzazi akiwa Mzulu, akiwa Mjerumani, hiyo ni habari ya baba. Ndivyo alivyokua, na ukimuuliza leo atakuambia yeye ni wa hapa, kwisha." Akasogeza karatasi ya mihogo upande wangu. "Tatizo alioa Bukoba."

Kwa Wahaya, kama ilivyo kwa wengi wetu, mtoto anahesabiwa kwa baba, na mtu huzikwa kibanjani kwao, kwenye migomba. Mama wa kijana, alivyosimulia Mwalimu, hakuwahi kumdharau mumewe. Lakini mtoto alipozaliwa wajomba kutoka Bukoba waliuliza swali dogo la kawaida: huyu kibanja cha babu yake kiko wapi? Tangu siku hiyo nyumba ile ina swali ambalo upande mmoja haulioni kuwa swali, na upande wa pili haulali kwa ajili yake.

"Mtoto yule yule," Mwalimu akasema. "Ukimhesabu kwa sheria ya mlima huu, baba yake hakupungukiwa kitu. Ukimhesabu kwa sheria ya ziwani, anaanzia chini ya mkungu. Mimi nimefundisha jiografia miaka ishirini na mbili. Watoto wanajua mipaka ya mikoa yote. Mpaka huu hauko kwenye atlasi, na ndio unaoamua mtu atalala wapi akifa."

Nikamuuliza, je, ni haki kumweka mtoto katika hali ile mbele ya wenzake? Alikaa kimya kwa muda. Alisema hakujua kwamba angetoka nje ya ramani. Mwaka jana hakuna aliyetoka mbali hivyo. Alisema yeye mwenyewe usiku ule huenda asilale vizuri. Kisha akasema kwamba kijana hakulazimishwa, alitembea mwenyewe, na alitembea wima. Sijui kama hilo ni jibu. Yeye pia hakudai kuwa ni jibu.

Nilirudi Mazimbu wiki mbili baadaye. Mvua ilikuwa imenyesha, majivu yamekwenda na maji, na timu ilikuwa inacheza juu ya Dodoma. Mawe yameokotwa na kurundikwa kando ya bendera, maana mpira hauchezwi kwenye mawe. Lile la chini ya mkungu halimzuii mtu, nikalikuta palepale. Mwalimu aliniambia kijana amemwomba jambo moja: akinikuta tena, aniulize kama gazeti letu linasomwa Afrika Kusini.

Nilimwambia sina hakika. Kwa hiyo naandika hapa: kama umeyasoma haya ukiwa huko, nawe uliishi Mazimbu kabla ya 1992 ukaacha mtoto wa kiume kwa mwanamke wa Kiluguru, mwandikie mhariri. Linatafutwa jina la mji tu.