Mtoto wa Ng'ambo Hungojewa Muda Gani?



Muhula uliopita mwenzangu mmoja alidai darasani kuwa eti mzungu akitaka mtoto wa kuasili, huja Jumatatu na Ijumaa yuko kwenye ndege na mtoto mkononi. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana nyumbani kwetu tuna mtoto aliyeasiliwa. Mama alikaa miezi mingi bila kushona jina lake kwenye sweta, akichelea kuwa mahakama ingekataa. Kama sisi wa papa hapa tulingoja hivyo, je, mtu wa ng'ambo? Nikaanza kusoma na kuuliza. Kumbe!

Kuasili ni kumfanya mtoto aliyezaliwa na mtu mwingine awe wako kisheria. Akitoka nchi nyingine, basi unashika sheria za nchi mbili, na kila nchi ina foleni yake. Natwaa mfano wa Wamarekani waliotaka watoto kutoka Uchina, kwa sababu huko ndiko foleni ilikobadilika sana.

Kwanza, afisa wa ustawi wa jamii huja nyumbani kwako. Huuliza juu ya mshahara, ndoa, afya, hata jinsi ulivyolelewa wewe mwenyewe. Polisi nao huchunguza kama una makosa. Halafu idara ya uhamiaji huchukua alama za vidole, nazo huisha muda baada ya miezi 15, hivyo anayekawia hurudia. Makaratasi hayo yalipigwa mihuri, yakatafsiriwa na kupelekwa Beijing. Hapo bado hujaona hata picha ya mtoto!

Mwaka wa 2005 waliofika hatua hiyo walingoja miezi michache tu, wakaonyeshwa picha, wakasafiri na kukaa Uchina kama wiki mbili hivi. Lakini waliopeleka makaratasi mwishoni mwa 2006 wakitaka mtoto mchanga mwenye afya walingoja zaidi ya miaka kumi. Jamani, miaka kumi! Mtoto wa darasa la kwanza angekuwa amemaliza kidato cha pili. Waliokubali mtoto mwenye ulemavu au ugonjwa walipata mapema zaidi.

Wengi hudhani ni uzembe wa maofisa. Ukweli ni kwamba watoto wachanga waliotupwa walipungua, na Wachina wenyewe wakaanza kuasili kwa wingi. Tena Mkataba wa Hague wa 1993 unataka mtoto atafutiwe kwanza familia katika nchi yake. Kwa maoni yangu hiyo ni haki kabisa, ingawa ni chungu kwa anayengoja.

Hapa Kenya pia hapakuwa na mteremko. Chini ya sheria ya watoto ya 2001, mgeni alipaswa kumlea mtoto humu nchini miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi mahakamani, kisha angoje uamuzi. Ijumaa ya mwenzangu iko wapi hapo? Na Novemba 2014 serikali ilisimamisha wageni kuasili watoto wetu, kwa hofu ya biashara ya watoto.

Foleni ya Uchina nayo ilikatika. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha safari, na Septemba 2024 Uchina ikatangaza kuwa imefunga mlango, isipokuwa kwa jamaa wa karibu wa mtoto. Mamia ya familia za Marekani zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa mtoto wao. Zilikuwa na picha yake na zilijua jina lake. Baadhi ya watoto hao walikuwa wadogo mwaka wa 2020, wengine wakubwa. Na sheria ya Marekani kwa kawaida haimpokei mtoto wa kuasiliwa aliyetimiza miaka 16. Huo ndio umri wangu mimi ninayeandika haya.

Dadangu mdogo amenisoma begani nikiandika. Ameuliza kama yeye pia alikuwa na picha kabla hajaja kwetu. Nimemwambia ndiyo, ilikaa ndani ya Biblia ya mama, na tulikuwa tukiichungulia kila jioni.