Dawa ya wagonjwa waliopandikizwa figo yapunguza uvimbe adimu

Uvimbe usio wa saratani nao waweza kuhatarisha maisha. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wenye tuberasi sklerosisi, maradhi ya kijeni yanayompata takriban mtoto 1 kati ya 6,000 wanaozaliwa.

Chanzo chake ni hitilafu katika moja ya jeni mbili, TSC1 au TSC2, ambazo kwa kawaida huidhibiti mTOR, protini inayoziamuru seli kukua. Udhibiti huo ukikosekana, uvimbe huota katika ubongo, ngozi na figo. Ule wa figo una mafuta, misuli na mishipa dhaifu ya damu. Unapozidi sentimita 4, hatari ya kuvuja damu huongezeka.

Madaktari walizoea kuuziba mshipa unaoulisha uvimbe au kufanya upasuaji. Lakini uvimbe huwa mwingi, mara nyingi katika figo zote mbili, na kila upasuaji waweza kupunguza sehemu ya figo iliyo nzima.

Matumaini yalitoka kwenye sirolimasi, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 1999 Marekani iliiidhinisha ili mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Baadaye ilibainika kuwa mTOR, ambayo dawa hiyo huizuia, ndiyo kiini cha tuberasi sklerosisi.

Watafiti wa Cincinnati, Marekani, waliijaribu kwa wagonjwa 25. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa, kwa wastani, uvimbe wa wagonjwa 20 waliokamilisha mwaka mmoja ulipungua hadi asilimia 53 ya ukubwa wake wa awali. Dawa iliposimamishwa, katika mwaka uliofuata ulikua tena hadi asilimia 86.

Jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha. Utafiti wa EXIST-2 ulijaza pengo hilo kwa wagonjwa 118: 79 walipewa everolimasi, dawa ya jamii hiyo hiyo, na 39 vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa asilimia 42 ya waliopata dawa uvimbe wao ulipungua kwa nusu au zaidi. Katika kundi la pili, hakuna hata mmoja.

Hata hivyo, dawa hizi hazirekebishi jeni. Husababisha vidonda vya mdomoni na hudhoofisha kinga ya mwili, ilhali huenda mgonjwa akalazimika kuzitumia kwa miaka mingi. Faida yake kubwa ni kuinusuru figo mapema, kabla damu haijavuja.